Kaunta ya Javahirjian Chini ya Ngazi za Umeme

Mtu akimpa Azniv Javahirjian mkono wa salamu, alikuwa ameshapimwa kidole cha pete. Azniv hakuhitaji vipimo wala uzi. Alikubana vidole kidogo tu, akatabasamu, na kimoyomoyo akasema kumi na saba, au ishirini na moja, au maskini huyu viungo vimemvimba, ishirini na tatu asubuhi na ishirini na nne jioni. Alimpima hivyo askofu. Alimpima mke wa waziri. Alimpima hata daktari aliyeitwa kumtibu homa ya matumbo alipokuwa na miaka kumi na miwili. "Kumi na tisa," alimwambia daktari huku meno yakigongana, na mama yake, Verjin, akafuta machozi, akajua mtoto atapona.

Akina Javahirjian walikuwa Waarmenia wa Kairo, masonara baba na babu. Kaunta yao haikuwa kule soko la dhahabu ambako maduka yamebanana kama punje za muhindi. Ilikuwa ndani ya jumba la Palmieri, duka la ghorofa nne katikati ya mji, lenye mlango wa vioo unaozunguka na mabawabu waliovaa glavu nyeupe. Aliyeingia humo kwanza ni babu Mikael, mwaka wa elfu moja mia tisa na tisa, na aliingia kununua soksi. Siku hiyo mke wa Palmieri mkubwa alikatikiwa na mkufu wake wa lulu katikati ya duka, lulu zikatapakaa sakafuni kama choroko. Babu Mikael akapiga magoti, akaziokota zote, akaomba uzi wa hariri kwenye idara ya vitambaa, na akamrudishia mama yule mkufu kabla hajamaliza kulia. Palmieri akaagiza kahawa mbili. "Weka meza yako pale, chini ya ngazi za marumaru," akasema. Wakanywa, wakapeana mikono, wakamaliza. Soksi alizisahau.

Meza ikawa kaunta, kaunta ikapata makabati ya vioo na taa zake, na Garabed mwana wa Mikael akairithi. Moto mkubwa wa mwaka wa hamsini na mbili ulipoliunguza jumba, Garabed alitoka humo na droo zote ndani ya gunia la vitunguu, akaliweka chini ya kitanda chake mwaka mzima na nusu, mpaka jumba lilipojengwa upya. Asubuhi ya kufunguliwa alikuwa mtu wa kwanza mlangoni, gunia begani, na bawabu mpya akamwelekeza mlango wa jikoni.

Azniv alisimama kwenye kaunta ile tangu ana miaka kumi na sita. Sasa alikuwa na thelathini na tano, mnene kiasi, mweupe wa mashavu, na kicheko chake kikianza hakuna aliyeweza kukizuia, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho kuweza. Hakuwa ameolewa. Si kwamba wachumba hawakuja. Walikuja watatu, na wote watatu kicheko kiliwafukuza. Yule wa kwanza, mfanyabiashara wa mazulia mwenye masharubu ya kutisha, alimpa mkono mezani mbele ya wazee, naye Azniv akagundua kwamba jitu lote lile lina kidole namba kumi na nne. Alicheka kuanzia supu mpaka matunda.

"Umemchekea mtu wa watu," mama yake alilalamika baadaye.

"Mama, kidole chake kinaingia kwenye pete ya mtoto wa komunyo ya kwanza!"

"Kidole si mume."

"Basi ningemchekea kila siku, na yeye angenipiga kila siku. Si bora alivyoondoka?"

Na Verjin naye alikuwa anacheka.

Sasa, jumba jipya la Palmieri lilikuja na jambo jipya. Ngazi za marumaru hazikurudi. Mahali pake zikawekwa ngazi za umeme, zile zinazotembea zenyewe, mkondo mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka, na ule wa kushuka ulimalizikia hatua sita kutoka kaunta ya Javahirjian. Mji mzima ukaja kuzitazama. Walikuja wanafunzi, walikuja makarani, walikuja masheikh wa Azhar wamekunja kanzu, walikuja akina mama wenye watoto saba na kapu la chakula. Hakuna aliyekuja kununua kitu. Walipanda, wakapiga kelele, wakashuka, wakapiga kelele zaidi, wakazunguka kupanda tena. Na kila aliyefika chini, ardhi ikisimama ghafla chini ya miguu yake, alipepesuka hatua sita na kujitupa juu ya kaunta.

Garabed, mzee wa miaka sabini na moja, alikumbatiwa siku ya kwanza na wanaume kumi na wawili asiowajua.

"Hii si ngazi," alisema akipangusa alama za viganja kwenye kioo. "Hii ni mashine ya kusaga watu. Mguu wangu hautaigusa, wallahi, hata nikiambiwa mbinguni kuko juu yake."

Azniv naye hakuigusa, lakini kwa sababu nyingine. Kichwa chake hakikupenda urefu. Akipanda kigoda kutoa sanduku kabatini, kizunguzungu kinamshika. Kuziangalia tu zile ngazi zikimiminika kulimfanya ashike ukingo wa kaunta na kucheka bila sababu, kicheko cha hofu.

Kampuni iliyoleta ngazi hizo ilikuwa imemwacha fundi mmoja wa kuzihudumia, Shenuda, Mkristo wa Kikopti wa mtaa wa Shubra, mwanamume mrefu aliyekaribia arobaini, mwenye ovaroli ya buluu na mikono myeusi kwa grisi. Kazi yake ilikuwa mashine, lakini siku ya pili tu akajikuta golikipa. Alisimama mwisho wa ngazi, magoti yameinama kidogo, mikono imetanuka, akidaka watu. "Inua mguu, Hajji! Inua! Sasa! Alhamdulillahi!" Na mwingine. "Usitazame chini, mama, nitazame mimi! Najua sivutii, nitazame hivyo hivyo!"

Hakumpa mtu mkono kwa salamu kwa sababu ya ile grisi. Asubuhi alimsalimia Azniv kwa kumnyooshea kiwiko, naye Azniv akakigusa kwa kiwiko chake. Ndivyo ikawa kwamba katika jumba lote lile, kuanzia meneja hadi mfagizi, mtu pekee ambaye Azniv hakujua namba ya kidole chake alikuwa Shenuda. Jambo hilo lilimsumbua kuliko alivyotaka kukiri.

Wiki ya kwanza ya ngazi za umeme, kaunta haikuuza hata kipuli. Siku ya Jumatatu meneja akaja, Bwana Rushdi, ambaye watu bado walimwita Bey kwa mazoea ingawa serikali mpya ilishafuta vyeo hivyo. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kuonea haya habari mbaya.

"Khawaja Garabed," alianza, "mahali hapa pamekuwa pa maana sana."

"Ni pa maana tangu mwaka wa tisa, mwanangu."

"Namaanisha, watu wote wanashukia hapa. Kuna kampuni ya manukato kutoka Paris, inapataka. Nyinyi mtapata nafasi nzuri ghorofa ya tatu, kando ya masanduku ya safari. Pana utulivu."

"Makaburini pia pana utulivu," akasema Azniv.

Bwana Rushdi akakohoa. "Mna mkataba wowote na jumba?"

"Tuna kahawa," akasema Garabed.

"Kahawa gani?"

"Ya mwaka wa tisa. Babangu alikunywa moja, Palmieri akanywa moja. Muulize mtoto wake huko Italia, atakwambia hata sukari ilikuwa vijiko vingapi."

Azniv alimtazama baba yake, na hapo hakucheka. Akainama juu ya kaunta. "Rushdi Bey, huyo mtu wa manukato anakuja lini kupaona?"

"Mwisho wa mwezi. Madam Klotilde, mwakilishi wao."

"Tuache mpaka aje. Akipaona na akipataka bado, nitazipandisha droo ghorofa ya tatu kwa mikono yangu. Wala hutanisikia."

"Hilo la kutokukusikia," akasema Bwana Rushdi kwa upole, "litakuwa geni." Lakini alikubali.

Zilibaki siku kumi na tisa. Azniv hakuwa na mpango wowote. Alisema vile kwa sababu mdomo wake ulimtangulia, kama kawaida yake. Siku tatu alikaa anatafuna kalamu. Ya nne akaja Hajja Inshirah.

Hajja Inshirah alikuwa mjane wa mtaa wa Sayyida Zainab, mpana, amejifunga baibui lake jeusi kama meli iliyokunja tanga. Alikuja kununua kitambaa cha mapazia akiwa na binti yake Nagwa na mchumba wa binti, Hilmi, karani wa posta. Hilmi alikuwa amemposa Nagwa miezi minane kwa mdomo, na hadi siku ile hajanunua pete wala shabka, ile dhahabu ambayo bwana harusi humpa mchumba wake mbele ya watu. Kila akiulizwa, anafikiria. Alikuwa mtu wa kufikiria. Na kwa miezi minane ile Hajja Inshirah alikuwa ameketi katikati yao kila walipokutana, kwenye kochi, kwenye tramu, kwenye bustani ya wanyama, wala ukucha wa Hilmi haujamgusa Nagwa.

Kupanda walipanda salama, kwa sababu Hajja alifumba macho akasoma Ayatul Kursi. Kushuka ndiko kulikokuwa na kazi. Hajja alisimama juu kabisa, vijana wakiwa wametangulia ngazi mbili mbele yake, akaona shimo lote lile la ghorofa likimwita, akapiga ukelele uliogeuza vichwa mpaka kwenye idara ya sabuni.

"Hilmi! Mshike mwanangu, ataanguka!"

"Nimshike, mama?" Hilmi aliuliza, hakuamini masikio yake.

"Mshike!"

"Mkono?"

"Mshike mkono, nimekwambia! We mwanaume au mwavuli?"

Hilmi akamshika. Akamshika mkono wa kulia, kisha kwa usalama zaidi akamshika na wa kushoto. Ghorofa nzima iliwaona wakishuka polepole, wametazamana, nyuso zimewaiva kama makomamanga, Nagwa akicheka bila sauti, na nyuma yao mama mtu akiwaombea kwa Mitume wote. Shenuda alimdaka Hajja kwa vifua viwili kugongana, akarudi nyuma hatua nne, hakuanguka. Hilmi hakuhitaji kudakwa. Alitembea zile hatua sita kama mtu aliyelewa, bado hajamwachia Nagwa, akagonga tumbo kwenye kaunta ya Javahirjian na kusema:

"Bibi, nataka pete. Mbili. Sasa hivi, kabla kichwa hakijatulia."

Azniv alinyoosha mikono yake juu ya kioo, akashika mikono yao yote minne kwa pamoja. "Kumi na tano na ishirini," akasema, na droo ilikuwa imeshafunguka.

Walichagua pete, wakachagua bangili tatu za shabka na mkufu wenye kidani cha mwezi mwandamo. Hajja Inshirah alipewa kiti na bilauri ya maji baridi yenye tone la maji ya maua ya machungwa. Alipopata pumzi ya kuuliza kunani, binti yake alikuwa anametameta mpaka kwenye kiwiko. Hajja akatazama dhahabu, akamtazama Hilmi, akatazama zile ngazi.

"Miezi minane!" alisema. "Miezi minane nimempikia bata mtu huyu, na kumbe alitakiwa kutikiswa tu!" Akapiga kigelegele hapo hapo kitini. Idara ya kofia ikamjibu.

Jioni ile Azniv alirudi nyumbani anakimbia. "Mama, nataka viti vinne, vile vya sebuleni. Na chupa yako kubwa ya maji ya maua ya machungwa."

"Kuna msiba?"

"Kuna kizunguzungu, mama! Tunauza kizunguzungu!"

Kesho yake viti vya sebuleni vya Verjin vilipangwa mbele ya kaunta, na makabati ya pete yakageuzwa yakazielekea ngazi, ili mtu akishuka, kitu cha kwanza kukutana na macho yake kiwe safu za pete zinazowaka kwa taa. Azniv alisimama na birika. Shenuda anadaka, yeye anaketisha, anamimina, na mtu akiwa bado anapepesa macho, anaombwa mkono. "Ishirini na mbili! Hongera, kidole cha bahati. Na huyu binti ni nani wako?"

Hajja Inshirah hakuwa mwanamke wa kuweka siri. Ndani ya siku mbili Sayyida Zainab nzima ilikuwa na habari, na baada yake mtaa wa Hilmiya, na baada yake Shubra. Mama waliochoka na wachumba wagumu waliwaleta kwa mkono. Wachumba waliochoka na mama wagumu waliwaleta vile vile. Sheria ilijulikana na kila mtu bila kuandikwa popote: kwenye ngazi za Palmieri kushikana mikono si aibu, ni tahadhari. Kijana mmoja alimshusha mchumba wake mara saba kwa ajili ya tahadhari. Huko mitaani watu wakaacha kuulizana kama fulani amechumbia. Waliuliza, "Wameshuka?"

"Fundi, leo umedaka wangapi?" Azniv alikuwa anauliza jioni, wakati wa kufunika makabati.

"Mia mbili na ushee. Na paka mmoja."

"Mimi nimevisha kumi na moja."

"Kwa hiyo mimi navua, wewe unakaanga."

"Na mzee anakula," Garabed alimalizia akifunga droo. Alikuwa amenenepa uso kwa furaha, ingawa ngazi hakuzikubali bado. Aliziita "hiyo mashine" na kuzipa mgongo.

Mwisho wa mwezi ukafika, na Madam Klotilde akafika nao. Alikuwa Mfaransa mrefu mwenye kofia ya unyoya, amefuatana na mtumishi aliyebeba kisanduku cha chupa za mfano, nzuri, nyembamba kama shingo za heroe. Bwana Rushdi alimpandisha ghorofani aone jumba lote, kisha akamshusha kwa ngazi za umeme ili apaone mahali pake kwa ufahari. Ilikuwa Alhamisi mchana, siku ya wachumba. Mbele yao walikuwa wamesimama bwana harusi, bibi harusi, shangazi sita na mpiga zumari.

Shangazi wa kwanza alisahau kuinua mguu. Shenuda akamdaka. Wa pili akamwangukia wa kwanza, wa tatu akamshika wa pili kiuno, na mpiga zumari, ambaye hakuacha kupiga, akawakanyaga wote. Ngazi hazingoji mtu. Zilimleta Bwana Rushdi, zikamtupa. Zilimleta Madam Klotilde, naye akaruka kwa ustadi kama mbuzi wa mlimani, akatua kwenye kiti cha Verjin, unyoya umepinda lakini mzima. Yule mtumishi ndiye hakuwahi. Kisanduku kilipaa. Chupa zilivunjika moja baada ya nyingine kwenye sakafu mpya, na harufu ya mawaridi, ya zeri na ya kitu kingine kisicho na jina ikajaa ghorofa nzima. Kisha bwana harusi akavuta pumzi ndefu na kusema kwa sauti ya ndoto, "Nataka pete."

Azniv alijikaza kisabuni. Aliuma shavu la ndani, akamwaza babu yake marehemu, haikusaidia. Kicheko kilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, kikamshika Shenuda chini ya shangazi, kikamshika Bwana Rushdi aliyekaa sakafuni, na kikampata hata Madam Klotilde mwenyewe, aliyecheka mpaka akaivua ile kofia ajipepee nayo. Azniv alimpa maji ya maua ya machungwa, na Madam alipoipokea bilauri, Azniv akamgusa vidole na kumwambia, "Kumi na sita na nusu."

"Ni kweli," Madam alisema kwa mshangao. Akamgeukia meneja. "Bwana wangu, chupa zangu hapa? Siku moja haziishi. Nipe kona iliyo mbali na haya mambo. Nipe ile ya kando ya masanduku." Kisha akanunua pete ya yakuti ya buluu, kwa ajili yake mwenyewe, akaivaa hapo hapo.

Siku iliyofuata Bwana Rushdi alimletea Garabed karatasi yenye mihuri miwili, kwamba mahali pale ni pa Javahirjian na wanawe. "Na binti," Garabed akasema, akamrudishia mpaka neno hilo likaongezwa. Ndipo akatia sahihi. Kisha akaagiza kahawa mbili, kwa sababu karatasi peke yake hakuiamini.

Alasiri hiyo Azniv alimkosa baba yake kwenye kaunta. Hakuwa msalani, hakuwa mlangoni. Alimsikia kabla hajamwona. Kutoka juu ilikuja sauti nyembamba ya furaha, kama ya mtu anayeteleza kwenye nyasi, na Garabed Javahirjian akajitokeza kwenye ngazi za kushuka, tarbushi mkononi, nywele nyeupe zimemsimama, fimbo kwapani.

"Baba! Si uliapa?"

"Nitafunga siku tatu!" alipiga kelele akipita mbele ya Shenuda, akaikwepa mikono yake na kutua mwenyewe. "Hii ni ya tano! Toka njiani, naizunguka tena!"

Alizunguka mara kumi na moja. Mara ya sita alimpandisha Verjin aliyekuja kuchukua viti vyake, na wakashuka wameshikana mikono kama Hilmi na Nagwa, mzee akisema ni tahadhari.

"Umebaki wewe," Shenuda alimwambia Azniv jioni. Watu walikuwa wamepungua. Alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo, kitu ambacho Azniv hakuwahi kumwona akikifanya kabla ya kutoka kazini. Alisugua kwa sabuni na mchanga, akasugua tena.

"Mimi kichwa changu hakitaki."

"Sikiliza, Bibi Azniv. Nina maneno, na nimeyapanga tangu Jumapili, usinikatize. Panda na mimi, ushuke na mimi. Ukishuka bila kupiga kelele, Ijumaa namleta mama yangu kwenu."

"Na nikipiga kelele?"

"Namleta Alhamisi."

Azniv alimtazama. Alitegemea kicheko kije kimsaidie, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikuja. Akatoka nyuma ya kaunta. Akapiga moyo konde, akapanda amefumba macho, ameshika sketi kwa mikono miwili. Juu alifumbua, akaona chini, akaona kaunta yao ndogo kama kibiriti, taa zake zote zimewaka, baba yake na mama yake wamesimama kando yake vichwa juu. Ghorofa ikaanza kuzunguka. Shenuda akamnyooshea mkono, mweupe kwa kusuguliwa, unanuka sabuni.

Akaushika. Ngazi zikamchukua.

"ISHIRINI NA TISA!" Azniv alipiga ukelele uliofika mpaka mtaani. "Mama! Ishirini na tisa! Hatuna pete yake! Dunia nzima hawana pete yake!"

Na hapo kicheko kikaja, chote, na walipofika chini hakuna aliyekuwepo wa kuwadaka, kwa sababu mdakaji alikuwa ndiye anayeshuka. Wakapepesuka pamoja zile hatua sita.

Mama yake Shenuda alikuja Alhamisi, na trei ya keki za basbousa. Wazee walishindana wiki mbili juu ya kanisa. Verjin hakutaka kusikia misa isiyo ya Kiarmenia, naye mama Shenuda alisema mwanawe hatafungishwa ndoa kwa lugha asiyoijua, anaweza kuwa ameapishwa uaskari. Mwishowe uchumba ukabarikiwa kwa Waarmenia na ndoa kwa Wakopti, na nyama ya basturma ikaliwa kotekote. Pete ya Shenuda Garabed aliifua mwenyewe usiku na mchana, nzito kama nati ya mashine. Fundi hawezi kuivaa kazini, mashine ingemnyofoa kidole, kwa hiyo aliitia kwenye mkufu shingoni, chini ya ovaroli, na akiinama ilikuwa inamgonga meno.

Fungate walikwenda Ras el-Barr, pale mto unapokutana na bahari, wakapanga kibanda cha makuti kwa siku kumi. Siku mbili za kwanza Shenuda alilala kama gogo. Ya tatu walikula samaki na tikiti maji mpaka wakashindwa kusimama. Ya nne, Azniv aliamka akakuta kitanda kitupu na kelele nje. Mumewe alikuwa ameifungua pampu ya maji ya nyumba ya wageni ya jirani, vipande vyake vyote amevipanga mchangani juu ya shuka lao jipya, na wageni ishirini wamemzunguka na ndoo, wamekasirika.

"Ilikuwa inalia vibaya," alimwambia mkewe, akionyesha parafujo. "Nilitaka kuisikiliza tu."

Azniv akaketi mchangani kando yake, miguu mitupu, akaomba bisibisi.

"Kuirudisha tunaanzia wapi?" akauliza.